Yuko Wapi Mtu Wetu?

Uhuru wa taifa na uhuru wa mtu ni mambo mawili. Taifa laweza kupandisha bendera na kuketi katika Umoja wa Mataifa, ilhali raia wake hajui kama usiku atalala kwake au korokoroni. Sisi tunaoamini kwamba serikali ni mtumishi wa mwananchi, wala si bwana wake, twaupima uhuru kwa jambo moja: mtu akikamatwa, je, yupo jaji awezaye kuiuliza serikali, "Yuko wapi, na mmemshika kwa sheria gani?"

Swali hilo ndilo kiini cha amri ya habeas corpus, ambayo Bunge la Uingereza liliitia nguvu kwa sheria ya mwaka 1679. Hata hivyo, Uingereza hiyo hiyo ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya mwaka 1952, maelfu ya watu wetu walitiwa kambini bila kesi. Marekani nayo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliwafungia kambini zaidi ya watu 110,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wake. Iliwaomba radhi mwaka 1988.

Kisa cha India chafundisha zaidi. Mwaka 1976, katika hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, majaji wanne kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba aliyewekwa kizuizini hana mlango wa mahakama wa kubisha. Jaji H. R. Khanna peke yake alikataa. Mwaka uliofuata alirukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu, akajiuzulu. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ilifuta uamuzi wa wale wanne.

Kila mahali kisingizio kilikuwa kimoja: usalama. Ndicho kilichotolewa hapa Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walipowekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi.

Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 25, yasema haki ya habeas corpus haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 49 chataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini mwaka 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji kati ya Juni na Desemba. Aliyewekwa kizuizini mwaka 1990 alikuwa angalau na hati yenye saini ya waziri. Aliyetekwa mwaka 2024 hakuwa na hata hiyo.

Watatuambia kwamba wengine ni wahalifu. Basi na washtakiwe! Serikali yenye ushahidi haina sababu ya kuikimbia mahakama. Na haki hii si ya rafiki zetu tu. Anayenyamaza leo kwa kuwa aliyechukuliwa ni wa kabila au chama kingine, amewafundisha watekaji njia ya kwake.

Hatuombi hisani. Twadai kila mtekaji ashtakiwe kwa jina lake, awe na cheo asiwe nacho. Na jaji akiuliza mtu yuko wapi, ajibiwe.