KONA YA MWALIMU: Saa kumi na moja si "eleven o'clock"

Mwezi huu tumekuja na neno kali kidogo, lakini si la kugombana.

Jumamosi moja tulikusanya kaye za darasa la Kiingereza. Devuari ilikuwa nyepesi: andika sentensi tano juu ya asubuhi yako. Tukakuta watoto tisa wanaamka "at eleven o'clock". Yaani saa tano, jua limeshapanda! Na hao hao ndio tunakutana nao alfajiri na vidumu vya maji. Kumbe simu ndiyo iliandika. Mmoja aliiambia "naamka saa kumi na moja", ikageuza neno kwa neno, wenzake wanane wakanakili. Tulicheka sana, tuseme ukweli. Halafu tukakaa kimya, maana kati ya tisa hakuna hata mmoja aliyesoma alichoandika.

Hatujifanyi malaika. Sisi wenyewe tulitoka kwenye Kifaransa cha Kongo tukaingia shule za Rwanda, ambako Kiingereza kilishika nafasi ya Kifaransa madarasani kuanzia 2009. Kaye ya jirani ilikuwa dawa yetu kila siku. Ikaja mitihani ya taifa, jirani amekaa mbali, simu hairuhusiwi, na karatasi ikatuangalia tu.

Sikilizeni jambo moja ambalo wengi hawalijui: kosa lako linatusaidia sana. Mtoto akiandika "I have twelve years", sisi tunafurahi. Tunaona kichwa chake kinavyofanya kazi. Kiswahili kinasema nina miaka, Kinyarwanda kinasema mfite imyaka, Kifaransa nacho hivyo hivyo, basi naye kapita njia hiyo. Tunamwonyesha kwamba Mwingereza hana miaka, yeye "ni" miaka. Hasahau tena. Vilevile yule aliyeandika "library" akimaanisha duka la vitabu, kwa sababu ya Kifaransa. Lakini sentensi uliyonakili, hata ikiwa sawa kabisa, tutakusahihisha nini hapo?

Kuna binti mmoja, jina tunaliacha. Kwa mwaka mzima kaye yake ilikuwa safi kuliko zote. Kaka yake ndiye aliyekuwa anaandika, kwa upendo kabisa, akiona mdogo wake amechoka kutoka sokoni na mama. Kaka akapata safari ya Marekani. Wiki ya kwanza baada ya hapo binti alileta ukurasa mweupe, akalia. Ilibidi tumrudishe kwa wadogo wa miaka tisa, na yeye ana kumi na tano. Anakuja bado. Juzi ameandika mistari minne, yote ina makosa, yote ni yake.

Na nyinyi mabingwa wa Kiswahili tunawajua! Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, majirani wanakitafuta, na batoto betu wamegundua biashara: nikuandikie Kiswahili, unipe andazi. Halafu mwenzenu anapewa sifuri kwa sababu mlimwandikia "batoto banaenda", na mwalimu wa shule anataka "watoto wanaenda". Andazi limeshaliwa. Muombeni radhi.

Upande wetu pia kuna kosa. Tulikuwa tunatoa maswali ishirini kwa mtoto anayeosha vyombo mpaka usiku, kwenye chumba kimoja cha watu saba. Huyo atanakili tu, atafanyaje? Sasa tunatoa matatu. Tena tumeacha kusoma alama kwa sauti mbele ya darasa, maana tuliona aibu ndiyo inayowasukuma wengi kuiba.

Mama, baba, usiseme "mimi Kiingereza sijui". Mwambie mtoto akusomee alichoandika, kisha akueleze kwa Kiswahili au Kinyarwanda maana yake. Akikwama kwenye neno lake mwenyewe, umeshajua. Usimpige. Mwambie aandike tena kwa maneno anayoyajua, hata yakiwa machache. Na kamusi si wizi, wala kuuliza neno moja kwenye simu si wizi. Kumwachia mwingine aandike sentensi nzima, hapo ndipo tunapogombana.

Devuari ya mwezi huu: eleza kwa sentensi tatu kitu kimoja kilichoko nyumbani kwenu ambacho hakiko kwa jirani. Tuone hapo mtanakili kwa nani. Kaye zije Jumamosi, saa tatu asubuhi, na hiyo kwa Kiingereza ni "nine o'clock".