Usiitupe TV ya Kisogo

Wadau, hapa Machakos TV ya kisogo, ile nzito yenye mgongo mrefu, siku hizi ni mzigo. Watu wanaitoa karibu bure, wengine wanaing'oa shaba na kutupa mengine. Mimi napinga. Wenye vibanda vya gemu wamehamia TV bapa, na kwa mpira ni sawa tu, lakini gemu za Kijapani za mdundo zinaumia.

Chukua Dance Dance Revolution ya Konami. Ilianza 1998 kama mashine kubwa ya kutiwa sarafu, na 1999 ikatoka ya PlayStation ya kucheza nyumbani. Kazi yako ni kukanyaga mshale pale mdundo unapogonga, basi. Sasa TV bapa hupokea picha, huikuza na kuipamba kabla ya kuionyesha, na nyingine huchelewa hata milisekunde 100. Gemu ikitoa picha 60 kwa sekunde, tayari zimekupita 6! TV ya kisogo haina mambo hayo. Huchora mstari kwa mstari kadiri mawimbi yanavyoingia. Mtoto anakanyaga sawasawa na anachokiona, gemu inamwambia amekosa, naye anaamini hana miguu ya dansi.

Puzzle Bobble ya Taito (1994) haisumbuki, maana una sekunde kadhaa za kulenga kiputo.

Kama TV bapa ndiyo uliyo nayo, ingia kwenye mipangilio uwashe hali ya gemu. Kuchelewa kutapungua. Kwa PlayStation ya kwanza, mimi bado nataka kisogo.