Mshubiri Mrefu Katika Ua wa Nyumba

Apitaye njia ya Korogwe kwenda Handeni wakati wa kiangazi, akafika Sindeni, huona jinsi nchi ya Uzigua ibadilikavyo mvua ikatikapo. Maji ya kisima huwa ni ya kunywa, kupikia na kutawadhia. Hayana ziada ya kumwagilia maua. Lakini ua usio na kitu chochote cha kijani hautupendezi, na upo mti ambao mama wa nyumba aweza kuupanda asipoteze ndoo yake. Mti huo ni mshubiri mrefu.

Wengi wakisikia mshubiri huwaza ule mfupi wa kwenye chungu, ambao asili yake ni Bara Arabu. Huu tuusemao ni wa kwetu. Wataalamu huuita Aloe volkensii, kwa jina la Mjerumani Georg Volkens aliyekusanya mimea Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Shina lake husimama kama nguzo hata likafika mita 6 na zaidi. Wala usidhaniwe kuwa ni mkonge kwa sababu ya majani yake. Mkonge ni mgeni, uliletwa Tanga na Dr. Richard Hindorf mwaka 1893, nao huchanua mara moja tu kisha hufa. Mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka.

Nguvu yake dhidi ya ukame imo katika majani. Ni manene, yameweka maji ndani, na vitundu vyake vya kuvutia hewa hufungwa wakati wa jua kali na kufunguliwa usiku. Kwa hiyo auuaye mti huu mara nyingi si jua, bali ni mwenye huruma amwagiliaye kila siku hata mizizi ikaoza.

Kata kichwa cha tawi, ukiweke kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kazi. Kisha kipande penye jua, juu ya tuta lililochanganywa kokoto na mchanga ili maji ya masika yasituame, ukikiegemeze kwa mti mpaka kishike. Majani makavu yaning'iniayo shinani usiyang'oe. Ni kanzu ya mti.

Kichwa hicho kitoke kwa jirani aliyepanda, si porini. Nchini Kenya, Rais Moi alipiga marufuku mwaka 1986 kuvuna mishubiri ya porini, na mapatano ya mataifa juu ya biashara ya mimea yanailinda mishubiri yote isipokuwa ule mfupi wa Arabuni.

Sasa tuseme lililo zito. Shubiri ni kitu cha zamani majumbani mwetu. Akina mama wa pwani wameipaka titi ili kumwachisha mtoto ziwa. Tena katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Sayyidna Uthman habari ya aliyeumwa macho naye amehirimia, akaelekezwa ayafunge kwa shubiri. Hiyo ni dawa ya nje, na mtu asiifanye hoja ya kumnywesha mwanawe maji ya kila mshubiri auonao. Utomvu wa manjano huendesha tumbo kwa ukali, na mwenye mimba auepuke kabisa. Na katika nchi kavu za Pare na Taita uko mshubiri mwingine mrefu, Aloe ballyi, wenye shina jembamba; jani lake likivunjwa hunuka panya, nao una sumu. Kwa macho ya mtoto miti hiyo miwili ni mmoja. Basi watoto waambiwe mapema kwamba mti wa uani ni wa kutazamwa, si wa kuonjwa.

Na cha kutazamwa kipo. Mashada yake mekundu yakifunguka, nyuki na ndege chozi huja kunyonya asali yake tangu asubuhi. Mwenye mzinga na auweke mbali kidogo na mlango.