Acha simu nyumbani, lakini usiiachie saa afya yako

Alfajiri, kabla ya makanga wa matatu za Nairobi kuanza kuita abiria, barabara zinazotoka mjini Machakos kuelekea Mutituni na Kituluni huwa tayari zina watu. Wako walimu, makarani, wafanyabiashara wa sokoni na wastaafu, wakitembea haraka au kukimbia polepole kwa sababu waliambiwa waushughulishe mwili. Jambo hili latufurahisha sana sisi tunaowatibu. Zamani mtu mzima akionekana anakimbia bila kufukuzwa, watu waliuliza amepatwa na nini.

Lakini wengi wa watu hawa hubeba simu mkononi. Wengine huisoma wakipanda mlima, wengine husimama kila hatua mia moja kujibu ujumbe, na wengine huificha ndani ya soksi kwa kuhofia wezi. Ndiyo maana siku hizi wagonjwa huniuliza: "Daktari, nikinunua ile saa yenye laini yake, si naweza kuiacha simu nyumbani?"

Jibu langu ni kwamba waweza, na kwa afya yako ni vyema ufanye hivyo. Hata hivyo, kuna mambo ambayo muuza duka hatakueleza, na baadhi yao yaweza kugharimu maisha.

Kwanza tuelewane ni saa gani tunayozungumzia. Saa janja za kawaida huhitaji simu iwe karibu. Ukiiacha simu, saa hubaki ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo tu. Hii nyingine ina laini ndani yake. Zile za bei kubwa hutumia laini isiyo na kadi, iitwayo eSIM, na mara nyingi hushiriki nambari moja na simu yako. Zile rahisi huwa na kitundu cha kuingiza kadi ya kawaida na nambari yake. Saa za namna hii si ngeni: Apple ilianza kuuza ya kwao yenye 4G mwaka 2017, na kampuni nyingine zinazo.

Dakika 30 zisizo na simu

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hizo ni kama dakika 30 kwa siku tano. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kipimo hiki hakihitaji betri.

Mtu anayetembea huku akitazama simu hapati dakika hizo. Hupunguza mwendo, husimama, huinamisha shingo, na mapigo ya moyo wake hushuka kila anaposimama. Kisha akifika nyumbani husema ametembea nusu saa. Isitoshe, wengi wa wanaokuja kwangu wakilalamika kukosa usingizi na kuumwa kichwa hawana ugonjwa mwingine ila wasiwasi wa kazi, madeni na vikundi vya WhatsApp vya harambee. Mtu wa namna hii akitembea na simu, amebeba ugonjwa wake mkononi.

Hapo ndipo saa yenye laini inapofaa. Mke au mume aweza kukupata mtoto akiugua, lakini wewe huwezi kusoma magazeti na mabishano ya siasa kwenye kioo cha ukubwa wa kizibo cha chupa. Waweza kuita msaada, na mwizi wa simu hana cha kunyakua mkononi mwako. Hizo ni faida za kweli.

Ninatahadharisha jambo moja. Saa hizi huunganishwa na visikizi vya masikioni, na wengi huziba masikio yote mawili kwa muziki. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaokwenda kwa miguu. Ikiwa barabara yako haina njia ya wapita njia, liache sikio moja wazi na utembee ukiyaelekea magari yanayokuja.

Jaribu kabla ya kuitegemea

Saa nyingi za aina hii hutumia mtandao wa 4G, na baadhi hutumia pia 3G. Mahali penye 2G peke yake, ambapo simu ya kawaida bado ingeita, saa hubaki bubu. Nasi wa Machakos tunaishi kati ya milima. Mtu akizunguka nyuma ya Iveti au kushuka mabonde ya Mua, asidhani mtandao aliouacha mjini umemfuata.

Kabla ya kutoa pesa, nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu, si kwa muuza saa, uulize kama mtandao wao unaikubali saa ya aina hiyo hiyo. Saa iliyotengenezewa soko la Marekani au Uarabuni yaweza kukataa kusajiliwa hapa, nawe ukabaki na bangili ya bei ghali. Uliza pia malipo ya kila mwezi, na kama saa hiyo yaafikiana na simu uliyo nayo.

Ukiisha kuinunua, izime simu yako na upige kutoka kwenye saa pekee. Kisha tembea njia yako yote ya kawaida ukitazama ni wapi mtandao unakatika. Jua pia kwamba kwa baadhi ya saa ujumbe mfupi hufika tu iwapo simu iliyobaki nyumbani imewashwa na ina mtandao. Usiende ukitarajia kulipa nauli kwa M-Pesa kutoka kwenye mkono. Tia noti mbili tatu mfukoni.

Tena kuna betri. Laini ikiwa kazini bila simu, chaji huisha upesi, na katika saa nyingi mazungumzo ya muda mrefu kidogo yatosha kuizima kabisa. Aliyelala bila kuichaji amebeba pambo.

Wengi huniuliza kuhusu mionzi. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio miongoni mwa vitu vinavyowezekana kusababisha saratani. Hata hivyo, mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu za mkono na saratani ya ubongo. Mimi naona hatari ya kukaa kitako ni kubwa zaidi na imethibitishwa. Mwenye kifaa cha umeme cha kuuendesha moyo amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa baadhi ya mikanda na chaja zina sumaku.

Saa si daktari

Sasa nafika kwenye jambo linalonitia hofu. Mtu akishavaa saa hii huanza kuiamini kuliko mwili wake.

Chukua mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo yaweza kuleta kiharusi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, watu 419,297 walivaa saa zilizochunguza mapigo yao. Walioonywa na saa walikuwa 2,161, yaani kama mmoja kati ya 200. Miongoni mwa 450 waliovaa baadaye kifaa cha ECG na kukirudisha, asilimia 34 ndio waliopatikana na hitilafu hiyo wakati huo. Sehemu ya sababu ni kwamba hitilafu yenyewe huja na kwenda. Funzo ni kwamba onyo la saa ni sababu ya kwenda kupimwa, wala si hukumu.

La hatari zaidi ni kinyume chake. Saa kukaa kimya si cheti cha uzima. Hakuna saa inayotambua mshtuko wa moyo. Ukihisi kifua kimebanwa, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba likikutoka na pumzi ikikupungukia, usikae chini kutazama saa inasemaje. Nenda hospitali.

Wapo pia wanaouziwa, kwenye Luthuli Avenue jijini na hata vibandani mwetu, saa za bei rahisi zinazodaiwa kupima sukari bila kudungwa sindano. Mwezi wa Februari mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dawa yake kwa nambari ya uongo aweza kuzirai barabarani. Wewe unayetumia insulini, tia peremende au glukosi mfukoni kila utokapo. Saa haiwezi kukutia sukari mdomoni.

Kipimo cha oksijeni nacho kina dosari inayotuhusu sisi hasa. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata vile vipimo vya kidole vya hospitalini vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali hukosea hivyo, cha kwenye saa usikiapie.

Na shinikizo la damu? Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kupimwa kwa mkanda wa mkononi ni kazi ya dakika tano kwenye zahanati. Nasikitika kumwona mtu ambaye amelipa makumi ya maelfu ya shilingi kwa saa, na hajawahi kufungwa mkanda huo.

Ukianguka, nani atakuja?

Saa nyingine hutambua mtu akianguka kwa kishindo. Asipojisogeza kwa muda wa dakika moja hivi, saa hupiga simu ya dharura na kuwajulisha jamaa aliowaandikisha. Ni chombo kizuri kwa wazee wetu. Lakini chombo hicho kilibuniwa na watu ambao wakiita gari la wagonjwa, gari huja.

Kwetu nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa 1199. Zijue. Hata hivyo, kwetu aghalabu msaada wa kwanza ni mpita njia, na gari la wagonjwa ni la jirani au bodaboda. Kwa hiyo nambari utakayoiandikisha isiwe ya mtoto aliye Doha au Dallas, ambaye ataona onyo na kulia tu. Iwe ya mtu aliye karibu, mwenye gari au anayejua pa kulipata, na anayepokea simu alfajiri. Mwambie mapema umemchagua.

Dakika ni muhimu. Katika kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakiparaganyika, kutafuta usafiri kuanze hapo hapo.

Nawasihi pia mfanye mambo mawili yasiyohitaji mtandao. Andikeni kikaratasi chenye jina lenu, ugonjwa mlio nao, dawa mnazotumia na nambari ya jamaa, mkitie mfukoni. Taarifa hizo zaweza kuhifadhiwa ndani ya saa, lakini mwanabodaboda atakayekuokota hatajua pa kubonyeza. Pili, kariri nambari moja. Waulize wenzako kama wanaijua nambari ya mke au mume wao kwa moyo, utashangaa.

Asiye na saa

Najua wengi mnaosoma haya hamna pesa za saa kama hii, na zikiwepo zina karo ya kulipa. Msihuzunike. Simu ndogo ya vibonye, ile tunayoiita kabambe, yapatikana kwa chini ya Sh3,000. Hukaa na chaji siku kadhaa, huita penye 2G, na mwizi haitamani sana. Itie kadi yake, uwape nambari hiyo watu watatu tu, na uiache ile kubwa kitandani. Utakuwa umepata karibu yote niliyoyasifu hapo juu.

Wala usijisumbue na hatua 10,000. Hesabu hiyo ilitoka Japani katika miaka ya 1960, kwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Utafiti wa mwaka 2019 uliowachunguza wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia.

Basi kesho asubuhi acha simu nyumbani. Ikiwa una saa yenye laini, ivae ikiwa imechajiwa na kujaribiwa. Ikiwa una kabambe, itie mfukoni pamoja na kile kikaratasi. Mwambie mtu njia utakayopita na wakati utakaorudi. Na mwezi huu usiishe kabla hujapimwa shinikizo la damu kwa mkanda, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.