Filimbi kwa Mtoto, Kamba kwa Mgeni

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilikuwa upande wa bahari wa Ngome ya Yesu, nala zangu mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Vijana kama sita hivi walikuwa wakichupa majini kutoka ukingoni. Mdogo wao, labda miaka 10, alikuwa anasitasita. Wenzake walishaingia, wanamwita kutoka chini: "Chupa bwana, waogopa nini?" Akavuta pumzi. Kabla hajaruka, filimbi ikalia. Mtu mwenye sare akaja mbio, matusi mdomoni, na watoto wakatawanyika kama kunguru.

Wiki mbili kabla ya hapo, mimi nilikuwa nimelipa pesa ili niogope vile vile.

Wenzangu wa kazini Nairobi walipanga safari ya msitu wa Kereita, kule Kimende, ukingoni mwa Aberdare, kupanda ziplaini. Kila mmoja alitoa kiasi ambacho nyumbani kwetu Kibokoni kingenunua samaki wa wiki nzima. Tukavalishwa helmeti, tukafungwa mikanda kiunoni na mapajani, tukatia saini fomu. Kijana wa zamu akakagua kulabu yangu, mwenzake akaikagua tena. Kisha nikaachiwa. Sitawadanganya: ilikuwa raha. Nilipiga yowe kama mtoto, miti iko chini yangu na baridi ya Kiambu yanichapa usoni. Kwa hivyo sina ugomvi na ziplaini.

Ugomvi ulianza kwenye matatu, tukirudi. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Lakini nyinyi watu wa Mombasa mmelala sana. Fort Jesus iko tu hapo. Fungeni kamba kutoka juu ya ukuta hadi ng'ambo, English Point, muone vile mtatengeneza doo." Gari zima likacheka na kukubali. Nami nikacheka. Kicheko kile najutia mpaka leo.

Wataalamu wa majengo watasema mawe ya matumbawe yenye umri wa miaka zaidi ya 400 si mahali pa kufungia nyaya, na kwamba ngome imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011. Ni kweli, na hiyo peke yake yatosha kuzuia mpango. Lakini swali langu ni jingine: nani atapanda, na nani atafukuzwa ili wapandaji wapate nafasi?

Maana ukuta ule tunaujua. Wareno walianza kuujenga 1593. Waomani waliuzingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waingereza wakaugeuza jela kutoka 1895, na jela ikabaki hadi 1958. Muda wote huo kazi yake ilikuwa kuamua nani awe ndani na nani awe nje. Tusiurudishie kazi hiyo kwa jina la utalii.

Tena mchezo wenyewe una historia ya kuchekesha. Kozi hizi za kamba na vizuizi zinadaiwa sana na Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika safari zake alivutiwa na miili na wepesi wa watu aliowakuta, Waafrika wakiwemo, ambao hawakuwa na jimu wala mwalimu wa mazoezi. Maisha ndiyo yaliyowafunza kupanda, kuruka na kuogelea. Akarudi kwao akatunga mfumo wa mazoezi. Jeshi likauchukua, shule zikauchukua, mwishowe na biashara. Sasa umeturudia huku ukiwa na bei na helmeti. Na mtoto wa hapa anayeruka bila risiti anaitwa mhuni.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Yale madafu mnayokunywa Mama Ngina mkipiga selfi, yuko mtu aliyekwea kuyaangua. Mjomba alikwea kwa vidato vilivyochongwa kwenye mnazi, panga kiunoni, miguu mitupu, hana kamba. Mnazi mrefu hupita mita 20. Alianguka nilipokuwa darasa la sita. Hakufa, lakini mgongo haukupona. Miaka minne mamangu alikuwa akimgeuza kitandani, asubuhi na jioni, na watu wakija kumjulia hali wanasema ni kudra ya Mungu.

Kudra siipingi. Nauliza tu mbona Kereita kulabu yangu ilikaguliwa mara mbili, na mjomba hakukaguliwa hata siku moja. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2007. Lakini mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi, si kwa mwezi. Kila shamba lina mwenyewe, ila siku ya kuanguka mkwezi hana mwajiri. Kamba ipo nchini, helmeti zipo, na vijana waliofunzwa kuzifunga wapo. Tumechagua kumpa anayepanda kwa kujifurahisha, na kumnyima anayepanda ili ale.

Najua mtaniambia: yule wa filimbi anaokoa maisha. Kweli, bahari ile si ya mchezo. Kuna miamba chini, na maji yakianza kutoka huvuta. Sisi tuliokulia pale tunawajua wenzetu waliotolewa wakiwa wamefunikwa shuka. Kwa hivyo sisemi watoto waachwe tu. Nasema filimbi pekee si usalama. Inamwondoa mtoto machoni pa mgeni, halafu mtoto anazunguka kona anakwenda kuchupa mahali pabaya zaidi, pasipo na mtu wa kumwona.

Usalama ni ngazi ya kupandia kutoka majini. Ni maboya, na kibao kinachosema saa za maji kujaa na kutoka. Ni mwokoaji anayelipwa mshahara, achaguliwe miongoni mwa vijana hao hao wa Mji wa Kale, maana hakuna anayeyajua maji yale kuwashinda. Ni masomo ya kuogelea kwa kila mtoto wa shule katika kisiwa hiki, kisiwa ambacho pande zote ni maji. Tukishafanya hayo, mje na ziplaini zenu, tutafute mahali panapofaa, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Yule mdogo hakwenda mbali. Alirudi akasimama karibu nami, bado amekunja ngumi. Nikampa kipande cha muhogo. Nikamuuliza, "Wewe wajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Nani alikufunza?"

"Hakuna."

Kumbe jioni ile filimbi huenda ilimwokoa. Lakini haikumfunza kitu. Alikula muhogo wake macho yako majini, na mwenye sare alipokwenda kunywa chai, akavua tena shati.