Gemu ikiganda usikimbilie kupiga Windows!

Najua nimepotea. Nilikuwa likizo nyumbani Tingi, kule Kilwa, ukishaipita Somanga kabla hujafika Nangurukuru. Nimerudi chuo juzi na nilipanga niandike habari za safari, lakini nimefika hosteli nikakuta msiba. Si wa mtu, ni wa faili.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma ualimu kama mimi, laptop yake ilikuwa inaganda kila akicheza gemu ya mpira. Anapiga krosi, picha inasimama, ikirudi mpira uko kwenye nyavu zake. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiangalia dakika mbili: "Hii ina virusi bosi wangu, tupige Windows." Elfu kumi na tano ikatoka. Jioni laptop ikarudi nyepesi kama mpya. Nyepesi kweli, maana madodoso 60 ya utafiti wake aliyokuwa ameshayaingiza yalifutika, pamoja na mahojiano yote aliyorekodi. Kopi hakuwa nayo! Tukajaribu programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ila alikuwa ameshapakia gemu upya, na ile mizigo ya GB kibao imekaa juu ya zile faili. Msimamizi anataka sura ya nne mwisho wa mwezi. Na sasa sikieni kichekesho: baada ya siku nne gemu ikaanza kuganda tena vile vile.

Nimekasirika jamani, mnisamehe. Ila nitasema: tumegeuza kupiga Windows kuwa panadol. Mnakumbuka zamani kila homa ilikuwa malaria? Unafika zahanati unatetemeka, unapewa dawa bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema basi, kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Leo mtoto wa Tingi anatobolewa kidole kabla ya kumeza kidonge. Laptop yenye utafiti wa miaka mitatu ya chuo haipimwi hata kwa macho!

Na kupima si uchawi. Gemu ni picha zinazochorwa moja baada ya nyingine. Ili mchezo uonekane laini mashine ichore kama picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 17 hivi. Ikichora 30 bado utacheza. Ikishindwa, jiulize kwanza: inashindwa VIPI? Kuna namna tatu.

Ya kwanza, inaanza vizuri halafu baada ya dakika 10 au 15 inazama. Hiyo niliiona nyumbani. Mdogo wangu ananiita, "Dada, laptop yako imekufa." Naingia ndani nakuta mchana wa saa nane, chini ya bati, bwana mdogo kaiweka laptop juu ya godoro anacheza. Matundu ya hewa yote yamezibwa na shuka. Prosesa ina kikomo cha joto, nyingi ni karibu nyuzi 100, na ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo haikuwa imekufa, ilikuwa inajiokoa. Nikaizima, nikatoa betri, nikafungua skrubu za chini, nikalishika feni kwa kijiti lisizunguke, nikasafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Vumbi lililotoka ungelishonea mto! Nikairudisha, nikaiweka mezani juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Akacheza mpaka adhana ya Magharibi, haijaganda. Gharama yake sifuri. (Kama ukisafisha na bado inachemka, kuna ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea, huwa inakauka na miaka. Hapo ndipo mpe fundi kazi.)

Kabla sijaendelea, angalieni na chaja. Ukicheza kwa betri tupu mashine nyingi zinajibana kutunza umeme. Na kuna laptop zisipoitambua chaja, zile za kuokoteza, zinashusha kasi ya prosesa hata kama taa ya chaji inawaka. Unalaumu gemu kumbe ni waya.

Namna ya pili, inakwenda vizuri kisha inashtuka, inaganda sekunde mbili tatu, inaendelea. Hapo kuna mtu anakula nyuma ya pazia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Tazama prosesa, memori na diski, nani anakula nini. Kwenye laptop zetu za mtumba zenye diski ya kuzunguka, mara nyingi utakuta diski iko asilimia 100. Windows inashusha masasisho, antivairasi inakagua, brauza ina tabo ishirini, na gemu nayo inataka kuleta uwanja na mashabiki wake. Ni kama dada mmoja wa kantini anayehudumia foleni tano. Mimi mwenyewe nilikuta programu ya kushusha muvi niliyoisahau tangu muhula uliopita, bado inawagawia watu faili usiku na mchana, na bando ni langu!

Dawa: funga usichotumia. Nenda sehemu ya Startup, zima zile zinazojiwasha pamoja na mashine bila kazi. Kama una antivairasi mbili bakiza moja, maana mbili zinakaguana zenyewe. Masasisho yasimamishe kwa muda wa kucheza, usiyakate moja kwa moja, ndiyo yanayoziba matundu. Na kitu usichokijua jina lake usikiue, ulizia kwanza.

Namna ya tatu, ni nzito tangu menyu mpaka filimbi ya mwisho, baridi au joto, hata ukifunga kila kitu. Hapo kubali ukweli, mashine ni ndogo kwa hiyo gemu. GTA San Andreas ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2005 iliridhika na MB 256 za RAM. GTA V ya mwaka 2015 ilitaka GB 4 kama kiwango cha chini, na kadi ya grafiki yenye GB 1 yake yenyewe. Laptop yako ina GB 4 zote, grafiki yake haina memori na inakopa humo humo, na Windows 11 nayo kiwango chake cha chini ni hizo hizo GB 4. Sasa mwalimu wa hesabu, toa hapo tuone kinachobaki! Ukipiga Windows mara kumi haiongezi RAM hata MB moja. Punguza ukubwa wa picha, zima vivuli, au ongeza RAM. Ukiweka SSD mashine itawaka haraka na kuganda kwa diski kutapungua, ila haitaifanya grafiki dhaifu iwe na nguvu, usidanganywe.

Najua kuna mtu atasema, "Mbona mimi nilipiga Windows ikapona?" Ni kweli, inapona! Umefuta vyote vilivyokuwa vinajiwasha nyuma. Kisha unarudisha vile vile kimoja kimoja, na baada ya siku nne tunarudi palepale. Ungevizima tu kwa dakika tano na utafiti wako ungekuwepo.

Na virusi navyo vipo, sikatai. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilitangaza kirusi walichokiita Crackonosh, kilichofichwa ndani ya gemu za kuvunjwa, GTA V ikiwemo. Kilikuwa kinazima ulinzi wa Windows na kutumia prosesa za watu kuchimba sarafu za kidijitali. Sasa gemu zetu za kupeana kwa fleshi hapa hosteli tumezitoa wapi? Ukipiga Windows halafu ukarudisha gemu ile ile, umemfukuza mwizi ukamwachia ufunguo.

Siwatukani mafundi wote. Fundi mzuri ukimuuliza "umepima nini?" hakasiriki, anakuonyesha. Anayekasirika chukua mashine yako uondoke. Na kabla hujamkabidhi yeyote, nakili kazi zako kwenye fleshi.

Wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu kuliko mtu mwingine. Kesho kutwa tunapangiwa shule zenye laptop moja ofisini, na ndani yake ziko alama za darasa zima. Siku ikiwa nzito wote watakuangalia wewe uliyetoka chuo. Ukisema "tupige Windows" bila kupima, si gemu tena, ni alama za watoto wa watu zinapotea.

Madodoso ya karatasi mwenzetu bado anayo, alhamdulillah. Mahojiano ndiyo basi. Tunaanza kuingiza upya leo baada ya Isha pale kwenye vimbweta. Mwenye laptop na vidole vyepesi aje. Ila gemu tunazima kwanza!

Tuonane wiki ijayo inshallah.