Bakteria wa kinywani na saratani ya utumbo: Kwa nini jina sahihi ni muhimu?

Kinywani mwa binadamu wametambuliwa bakteria wa aina zaidi ya 700. Baadhi yao hawana jina mpaka leo, wanatambulika kwa namba tu.

Unaweza kuuliza, jina la kijidudu linanihusu nini? Linakuhusu sana.

Mmoja kumbe wawili

Bakteria aitwaye Fusobacterium nucleatum huishi kinywani, na huongezeka fizi zikiugua. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, watafiti wamekuwa wakimkuta pia ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Lakini kama watu wengi wanaye, mbona si wote wanaougua?

Machi 2024, watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, Marekani, walitoa sehemu ya jibu katika jarida la Nature. Walichambua vinasaba vya kundi lake dogo liitwalo animalis. Kumbe ndani yake mlikuwa na makundi mawili tofauti, wakayaita C1 na C2.

Anayejazana kwenye uvimbe ni C2. Walipopima uvimbe wa wagonjwa wapatao 200, takriban nusu ulikuwa naye. Pia anahimili asidi zaidi, jambo linaloweza kumsaidia kupita tumboni akiwa hai.

Maana yake nini?

Ukimsaka Juma mtaani bila kujua jina la baba yake, utabisha hodi nyumba zisizohusika. Kipimo kinachotafuta jina la jumla kitawatia hofu watu wasio na tatizo. Na dawa inayoua bakteria wote itawamaliza hata wale wanaotulinda.

Tahadhari: kumkuta C2 kwenye uvimbe hakuthibitishi kuwa ndiye aliyeanzisha saratani. Panya waliopewa C2 walipata vivimbe vingi zaidi utumboni, lakini panya si binadamu. Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki.

Na Afrika je?

Sampuli nyingi za bakteria wa mwilini zilizochambuliwa duniani zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Vipimo vya kesho vitategemea orodha inayoandikwa leo. Kama bakteria wa vinywa vyetu hawamo, vipimo hivyo vitafika hospitali zetu vikiwa havitujui.